Nyuzi Kwenye Droo ya Cherehani

Mama alipokuja Morogoro mwezi uliopita kuwaona wajukuu, aliniletea dumu la lita tano la mawese, ya Kigoma yenyewe, mekundu hasa. Nilipofungua kifuniko harufu ikanipanda puani. Nikaliweka dumu chini, nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo kama mtu anayeanua, na siku hiyo hata leso haikuwepo pale kambani. Mume wangu anadhani sipendi mawese. Tangu tuoane anadhani hivyo, nami nimemwacha adhani.

Mbaya zaidi, tulipomaliza kula, Mama akawakusanya watoto wangu sebuleni akaanza ile hadithi yake. "Huyu mama yenu mnayemwona amejinyamazia hapa," akasema, "alipokuwa na miaka kumi alimwokoa mtu." Naijua hadithi hiyo neno kwa neno. Ameisimulia kwenye harusi yangu, ameisimulia kwenye msiba wa shangazi, ameisimulia hadi kwa daktari aliyekuwa anampima presha. Kila mara watu hunigeukia kwa sifa, nami hutabasamu. Safari hii kitinda mimba wangu akaniuliza, "Mama, uliogopa?" Nikamjibu, "Kidogo tu." Kisha nikajifungia chooni nikafungulia maji ili nisisikike.

Basi leo naisimulia mwenyewe, kama ilivyokuwa.

Tulikaa Rusimbi, Kigoma, mimi na Mama, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo baba alituachia alipofariki. Aliacha na cherehani pia, cherehani ya miguu isiyo na sindano, iliyokaa pembeni mwa sebule ikifunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake redio. Mama alikuwa mtu wa dagaa. Alfajiri anateremka Kibirizi kupokea mitumbwi, saa nne yuko njiani na beseni kichwani. Ilikuwa miaka ile ya watu kuvuka ziwa kukimbia vita. Wenzangu mliokulia kwetu mnakumbuka: maboti yanatia nanga, watu wanashuka na magodoro, na mbuzi, na mlango wa nyumba mtu kaung'oa kaja nao. Sisi watoto tulikwenda kuwaangalia kama tunakwenda kuangalia mpira. Nayo hiyo ni aibu, ila ni ndogo.

Siku moja Mama akarudi na mzee. Mzee kavaa koti na tai, miguuni kandambili zisizolingana, na kakumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa kitenge. Nilidhani ni maiti ya mtoto. Nikakimbilia uani nikajificha nyuma ya jiko, Mama akaja kunivuta sikio. "We Mwajuma, huna adabu? Njoo umwamkie babu yako." Kumbe lilikuwa gitaa.

Kwa nini Mama alimchukua? Bibi, mzaa mama, alikuwa wa ng'ambo ya ziwa, na alikufa Mama akiwa msichana. Pale ufukweni yule mzee aliomba maji kwa lugha ya bibi. Mama husema alisikia sauti ya mama yake ikitoka kinywani mwa mwanamume. Akamtwisha beseni la dagaa ili aonekane mtu wa kazi, wakapanda naye hadi nyumbani.

Tatizo ni kwamba wakimbizi walitakiwa kambini. Aliyekutwa mjini bila kibali alipakiwa kwenye lori. Kwa hiyo jioni ile ile Mama alinikalisha kwenye kigoda, akanifundisha kama mwalimu wa madrasa anavyofundisha sura.

"Huyu nani?"

"Babu Rajabu, babu yangu mzaa mama."

"Katoka wapi?"

"Ujiji."

"Kazi yake?"

"Fundi cherehani, lakini macho yanamsumbua."

"Akija mtu wa viatu vya kung'aa akiulizia mzee wa kutoka ng'ambo?"

"Hayupo. Hapa tunaishi na babu tu."

Msinicheke. Mtaani kwetu nyumba nyingi zilikuwa na babu wa namna hiyo, au shangazi aliyeibuka ghafla, au binamu wa miaka ishirini asiyejua njia ya sokoni. Watoto tulijua kudanganya kwa macho makavu kama tulivyojua kusema shikamoo. Ndiyo malezi yetu, na sisemi yalikuwa mabaya.

Jina lake la kweli lilikuwa Fabiani, Mkristo wa watu, lakini alijifunza kuitikia salamu za majirani na tasbihi ikamkaa mkononi. Taabu ilikuwa huo ufundi. Jirani mmoja alimletea suruali ikunjwe miguu, na kukataa kusingewezekana. Mzee akaishona kwa mkono siku mbili nzima, akijichoma sindano na kulaani kwa Kilingala. Mguu mmoja ukatoka mfupi. Jirani aliivaa hivyo hivyo, tukawa tukimwona anapita tunakimbilia ndani kucheka, babu anacheka hadi anakohoa.

Kila asubuhi alipasha mawese kwenye kijiko, akajipaka vidole kimoja kimoja, maana viungo vyake vilikuwa vimekakamaa. Nyuzi za gitaa hakuwa nazo. Alikuwa anafumua waya wa breki ya baiskeli, mimi nikishika ncha moja na yeye nyingine, tunazitenganisha nyuzinyuzi zake, anafunga hizo. Akishamaliza, anafunga mlango, ananiambia niwashe redio. Betri tulikuwa tunazianika juani mchana, wa rika langu mnajua habari hizo.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kumdhania vibaya. Wimbo wa zamani ukipigwa, babu alikuwa analitangulia gitaa la kwenye redio. Kabla halijapanda yeye kashapanda, kabla halijakata kona yeye kashaikata. Nikaona huyu mzee ni mwizi wa nyimbo za watu. Nikamwambia hivyo hivyo, mdomo wangu haukuwa na breki.

Hakukasirika. "Mwimbaji nani, wanasema?"

Nikamtajia jina alilotaja mtangazaji.

"Eeh. Jina ni ya mwimbaji," akasema, na akanyanyua mkono wa kulia uliong'aa mawese. "Mukono ni ya mimi."

Akanieleza kazi yake. Kule kwao, na Nairobi pia, alikuwa mpiga gitaa wa kuitwa. Mwimbaji anakuja studio na wimbo wake, wanamwita yeye, anausikiliza mara moja, anapiga, anavaa koti anaondoka. Sahani ya santuri ikitoka, jina lake halimo. Amefanya hivyo tangu kijana hadi mvi. "Nyimbo yangu haiko hata moja," alisema, "na zote niko ndani." Mimi nikashangaa kwamba haoni uchungu. Nikamuuliza mtu atamjuaje basi? Akacheka. Akasema wapiga gitaa wanajuana kwa kucha: mkono wa kulia gumba na kidole cha shahada zimefugwa ndefu, mkono wa kushoto zimekatwa hadi kwenye nyama. "Ukiona kucha ile, usiulize. Ni ndugu yangu."

Nilimpenda. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nilikuwa mtoto aliyerudi kutoka shule miaka mitatu akikuta nyumba kimya na funguo chini ya kopo, sasa narudi nakuta mtu ananisubiri aniulize leo wamenifundisha nini. Alinifundisha kuimba sauti ya pili. Aliniita "mama". Nilianza kuamini kweli ni babu yangu, somo la Mama likanigeukia likawa imani.

Lakini mwenzangu alikuwa anangoja treni. Alikuwa amemwandikia barua rafiki yake waliyepiga naye zamani, ambaye sasa ana bendi Dar es Salaam. Mama aliipeleka barua stesheni, akampa abiria. Bendi ikimkubali, ingeweza kumwombea kibali, akaishi kama mtu, akapiga gitaa mlango ukiwa wazi. Siku za treni, honi ikilia kule chini mjini, babu anaacha chochote anachofanya, anavaa tai. Siku moja nikamuuliza, "Jibu likija utaondoka?"

"Siku ile ile!" akasema, kwa furaha kabisa, akapiga na makofi.

"Na mimi?"

"Wewe uko na mama yako."

Alisema bila ubaya wowote. Mimi nikaenda uani nikapiga teke ndoo.

Hazikupita wiki mbili, alikuja mtu. Mama alikuwa mitaani na dagaa zake. Babu alikuwa uani anaoga kwenye bafu letu la mabati, na alipooga alikuwa na desturi ya kuimba besi, dum, dum, kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na redio pajani, ni saa ya matangazo ya vifo. Akasimama mwanamume wa makamo, shati limelowa mgongoni, viatu vyeusi vinang'aa chini ya vumbi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ni kwa mama anayeuza dagaa?"

"Ndiyo."

Akacheka kwa uchovu. "Rusimbi yote inauza dagaa. Namtafuta mzee mmoja anaitwa Papa Fabiani, mpiga gitaa. Nimetoka Dar, siku mbili kwenye treni. Aliniandikia. Kila nyumba naambiwa kuna babu kutoka Ujiji. Ujiji nzima imehamia huku?"

Akatoa karatasi yenye mhuri akanionyesha, kana kwamba mtoto wa miaka kumi ni mkuu wa wilaya. Akasema ni maombi ya kibali, kila kitu tayari, anamhitaji mzee mwenyewe tu, na treni inageuza jioni ile. Mkono ulioshika karatasi ulikuwa wa kulia. Nikaziona kucha. Gumba na kidole cha shahada, ndefu, safi, zimepigwa msasa. Nikatazama mkono wa kushoto. Zimekatwa hadi kwenye nyama.

Nilijua. Naandika tena ili nisijipe mwanya: nilijua.

Uani babu akaanza, dum, dum.

Nikaongeza sauti ya redio. Betri zilikuwa zimekaa juani tangu asubuhi, zilikuwa na nguvu siku ile kuliko siku zote. Mtangazaji akapaza majina ya marehemu na ndugu zao wa Tabora na Mpanda, mimi nikamtazama yule mgeni usoni nikasema, "Hayupo. Hapa tunaishi na babu tu. Fundi cherehani."

Alinyoosha shingo akaiona cherehani ndani. Nilimwona akiamini. Akafuta jasho, akatoa mfukoni bahasha ndogo ya nailoni, ndani yake nyuzi za gitaa zimeviringwa, na juu yake kipande cha karatasi kilichoandikwa. "Basi, mama," akasema. Naye aliniita mama. "Ukisikia mzee wa namna hiyo mtaani, mpe hizi. Mwambie kiti chake kipo."

Nikapokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Alipokunja kona nikazitia kwenye droo ya cherehani, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwa na sababu ya kuifungua.

Jioni niliwaambia, kwa sababu niliogopa jirani angetangulia kusema. "Alikuja mtu."

Mama akaacha mwiko. "Wa viatu?"

"Viatu vya kung'aa. Na karatasi ya mhuri."

"Ukasemaje?"

"Nikasema tunaishi na babu tu."

Lo! Mama alinikumbatia hadi nikanuka dagaa. Usiku huo nikapewa kipande cha katikati cha samaki mgebuka, kile cha mgeni. Lakini babu alisukuma sahani pembeni. Akaniita karibu, akanishika mabega.

"Hakutaja jina, yule mutu?"

Alinipa mlango kabisa, uko wazi. Treni ilikuwa imeshaondoka, lakini barua nyingine ingeweza kwenda. Ningesema tu.

"Hakutaja, babu."

Akaniwekea mkono kichwani, wenye mawese, ukateleza hadi kwenye paji la uso. "Mutoto huyu ameniponya," akamwambia Mama. Ndiyo harufu ile iliyonitoa jikoni mwezi uliopita.

Tangu hapo siku za treni alivaa tai na kukaa nyuma ya mlango, kisha akaivua mwenyewe kimya kimya. Alisema labda barua haikufika. Alisema labda rafiki amemsahau, watu wa mjini wana mambo mengi. Hili la mwisho alilirudia sana, na mimi nilikuwa nakaa pale pale, nakata mchicha. Waya wa breki ukakatika ukamchana kidole, damu ikadondokea kwenye mbao. Akaendelea na nyuzi tano, kisha nne. Nyuzi mpya zilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Mara kadhaa nilisogea hadi kwenye cherehani, nikanyoosha kitambaa chake, nikarudi. Angeniuliza nimezitoa wapi.

Masika hayajaisha, maofisa wakaja asubuhi na mwenyekiti wa mtaa, wanapita nyumba kwa nyumba, lori limesimama barabarani. Nilijitokeza mbele kusema somo langu. Ofisa, kijana mpole tu, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama babu.

"Mzee ni fundi?"

"Ndiyo, mwanangu."

Ofisa akafunua kitambaa, akakaa kwenye cherehani, akaikanyaga, akainama. "Mbona haina sindano?"

"Iko ndani ya droo," Mama akasema haraka, masikini, kwa kubahatisha.

Ofisa akavuta droo.

Sijui kama mmewahi kutamani sakafu ifunguke. Akaitoa ile bahasha, akaigeuza. "Mzee, hizi unashonea nini?"

Babu akaipokea. Akakisoma kile kipande cha karatasi, taratibu, na kwa jinsi macho yake yalivyorudi juu nikajua anakisoma mara ya pili. Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa muda mrefu. Sikuweza hata kulia.

"Ni ya mimi," akamwambia ofisa. "Nilikuya nayo toka kwetu. Mimi si fundi, mwanangu. Mimi ni mupiga gitari." Akakikunja kile kikaratasi kidogo kidogo, akakitia mfuko wa koti, akaenda kuvaa tai.

Mama alikwenda kumwona kambini safari moja tu. Alirudi na habari kwamba anapigia kwaya ya kanisa, na watu wanatoka mbali kuja kusikiliza. Mwaka uliofuata akaambiwa kifua kilimchukua. Kitu kimoja kilimsumbua Mama muda mrefu: kama alikuwa na nyuzi mpya, kwa nini alihangaika na waya wa breki? Nikamjibu labda alizitunza. Huyo mgeni wa Dar sijui hata jina lake. Sikumtafuta nilipokuwa msichana, na nilipopata akili ya kumtafuta nikajiambia atakuwa amekufa.

Mngeweza kuuliza kwa nini Mama hajajua hadi leo, na anapoisimulia hadithi yake kwa nini inaishia na sifa. Inaishia hivyo kwa sababu ya yale yaliyotokea pale kwenye lori. Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Babu alishapanda, gitaa kalikumbatia kwenye kitenge kama siku ile ya kwanza, na kidole kina kitambaa. Mama analia kwa sauti. Mimi nimesimama nyuma ya mgongo wake. Babu akaomba dereva angoje kidogo, akaninyooshea mkono mbele ya watu wote.

"Mama Mwajuma, usilie. Mumulinde mutoto huyu," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kona. "Kuna siku mutu alikuya kunichukua, na yeye akanificha. Musisahau. Hadisieni watu."

Majirani wote wakanigeukia. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele kidogo. Babu alikuwa ananitazama, anangoja.

Nikatabasamu.